Blaise Pascal, mtu aliyeacha mrija mmoja bondeni

Mashariki ya Likasi, kwenye sentrali ya umeme ya Mwadingusha, maji ya mto Lufira yanashuka zaidi ya mita 100 ndani ya mabomba makubwa kabla ya kugonga turbini. Sentrali hiyo ya SNEL ilianza kazi mwaka 1930, ikatengenezwa upya hadi 2021, na leo mashine zake 6 zinaweza kutoa megawati 78. Katika sentrali za namna hii hakuna fundi anayeweza kuchungulia ndani ya bomba na kuona maji yanavyosukuma. Anategemea vihisi vilivyofungwa sehemu mbalimbali. Kila kihisi kina njia yake ya waya mpaka kwenye kompyuta, na namba zinajipanga kwenye ekrani zikiwa na herufi kPa au MPa pembeni.

Hiyo Pa ni Pascal. Katika familia zetu Pascal ni jina la mjomba, la mwalimu, la mwimbaji wa kwaya, na watu wengi wanalichukua kama jina la ubatizo basi. Wengine wanamkumbuka Pascal wa masomo ya Kifaransa, yule mwandishi wa mambo ya Mungu na udhaifu wa mwanadamu. Wachache wanajua kwamba mtu huyo huyo, akiwa mgonjwa Paris, alipanga kazi ya siku moja ya mwezi wa Septemba 1648 ambayo mafundi wa vipimo wanairudia mpaka leo, hata kama hawajui ilianza kwa nani.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 mjini Clermont, katikati ya Ufaransa, mji ulio chini ya safu ya volkeno. Msomaji wa Goma ataona picha hiyo haraka, ila volkeno za kule zimelala kwa maelfu ya miaka. Mama yake, Antoinette Begon, alikufa mtoto akiwa na miaka 3. Baba, Étienne, alikuwa hakimu wa mambo ya kodi na mtu aliyependa sana hesabu. Aliamua kuwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani: Gilberte mkubwa, Blaise, na Jacqueline mdogo. Mwaka 1631 akahamia nao Paris.

Gilberte, aliyekuja kuandika maisha ya kaka yake, anasimulia kwamba mzee Étienne alificha vitabu vya jiometri ili mtoto asome Kilatini kwanza. Akiwa na miaka 12 mtoto akakutwa anachora kwa makaa sakafuni, akiwa amefikia peke yake kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinakuwa sawa na pembe mraba mbili. Huenda dada alitia chumvi kidogo, madada wanajua kusifu. Lakini akiwa na miaka 16 kijana alitoa andiko la jiometri ambalo wataalamu wa Paris walilichukua kwa uzito, na hilo halina shaka.

Mwaka 1640 familia ilikuwa Rouen, katika jimbo la Normandie, ambako baba alitumwa kupanga kodi baada ya wananchi kuasi kwa sababu ya kodi hizo hizo. Kazi ilikuwa ya usiku na mchana, safu za namba za kujumlisha bila mwisho. Blaise akiwa na miaka 19 alianza kutengeneza mashine ya kujumlisha, kisanduku chenye magurudumu ambamo gurudumu la mamoja likizunguka mara moja kamili linasukuma lile la makumi. Aliijaribu kwa miaka mingi akiwa na mafundi waliomkasirisha kila mara. Ilifanya kazi, lakini bei yake ilikuwa kubwa na wanunuzi wakawa wachache. Baadhi ya mashine hizo ziko mpaka leo kwenye makumbusho ya Ulaya.

Mwezi wa Oktoba 1646 injenieri mmoja, Pierre Petit, alipita Rouen na habari kutoka Italia. Miaka miwili mbele yake, Evangelista Torricelli alikuwa amejaza zebaki kwenye mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaziba mdomo kwa kidole na kuugeuza ndani ya beseni lenye zebaki. Zebaki ilishuka kidogo ikasimama, kimo cha karibu milimita 760, na juu yake pakabaki nafasi isiyoonekana kuwa na kitu. Ni nini kinachoishikilia? Walimu wengi wa wakati ule walifundisha kwamba maumbile yanachukia utupu, kwa hiyo zebaki inavutwa juu ili utupu usitokee. Torricelli aliwaza kinyume. Kwake sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wa hewa hiyo ndio unaosukuma zebaki ya beseni na kuipandisha mrijani.

Rouen ilikuwa na mafundi wazuri wa kioo, na Pascal akawatumia. Alifungisha mirija ya karibu mita 15 kwenye mlingoti wa meli, akaijaza mmoja maji na mwingine divai nyekundu, mbele ya watu mamia. Wapinzani walisema nafasi ya juu imejaa mvuke, na kwa kuwa divai ina mvuke mwingi kuliko maji, basi itashuka chini zaidi. Divai ikasimama juu kidogo kuliko maji, kwa sababu ni nyepesi. Nani hangependa kuwa bandarini siku ile?

Pamoja na hayo Pascal hakuridhika. Majaribio ya Rouen yalionyesha kwamba uzito wa kimiminika una maana, lakini hayakuthibitisha kwamba hewa ndiyo inayosukuma. Ili kumnyamazisha mtu anayeamini chuki ya utupu, ilibidi kubadili uzito wa hewa wenyewe na kuacha mambo mengine yote jinsi yalivyo. Huwezi kuipunguza hewa iliyo juu ya beseni, isipokuwa uchukue beseni upande nalo mlimani.

Paris haina mlima. Zaidi ya hapo, mwaka 1647 Pascal alikuwa mgonjwa sana: kichwa kinamuuma, tumbo halishiki chakula, miguu haina nguvu mpaka anatembelea magongo. Mtu huyo hakuwa wa kupanda mlima. Lakini dada yake Gilberte aliolewa na Florin Périer, aliyeishi Clermont, na juu ya Clermont unasimama mlima Puy de Dôme, mita 1,465 kutoka usawa wa bahari. Tarehe 15 Novemba 1647 Pascal akamwandikia shemeji yake na kumwomba afanye kazi hiyo. Shemeji alikubali, kisha miezi 10 ikapita: kazi zake nje ya mji, halafu theluji, halafu ukungu. Kila mtu aliyewahi kusubiri shemeji amalize kazi anajua subira ile.

Jumamosi tarehe 19 Septemba 1648, asubuhi, hali ya hewa ikaruhusu. Périer alikusanya watu wa kuaminika wa mji, wa Kanisa na wasio wa Kanisa, daktari mmoja akiwemo, ili baadaye asije mtu akasema familia imejitungia hadithi. Walianza katika bustani ya watawa wa shirika la Minimi, karibu sehemu ya chini kabisa ya mji. Zebaki ilikuwa imesafishwa kwa siku tatu. Alichukua mirija miwili ya unene mmoja, akaijaza zebaki ile ile na kuisimamisha pamoja katika beseni moja. Zebaki ikasimama kimo kimoja katika yote miwili. Akarudia mara kadhaa, ikawa vile vile. Kwa vipimo vya leo kilikuwa kimo cha milimita 712 hivi.

Kisha Périer akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha siku nzima. Mrija mmoja aliuacha pale pale bustanini, umesimama, na mtawa mmoja aliyeitwa Chastin akaombwa aukague mara kwa mara mchana kutwa. Mrija wa pili ndio uliopanda mlima.

Juu kabisa zebaki ilisimama kwenye milimita 627 hivi. Tofauti ilikuwa karibu milimita 85, na wale mabwana walishangaa mpaka wakataka kuona tena. Périer alipima mara tano sehemu mbalimbali za kilele: ndani ya kikanisa kidogo kilichokuwa pale, nje kwenye upepo, penye kinga, wakati wa jua, wakati wa mvua na ukungu. Namba haikubadilika. Njiani wakishuka wakapima tena katikati, na zebaki ikasimama katikati, karibu milimita 677. Walipofika bustanini mtawa Chastin akawaambia kwamba mrija wake haukusogea kutoka asubuhi, ingawa hewa ilibadilika-badilika siku hiyo. Wakausimamisha mrija wa mlimani kando ya ule wa bustanini. Vimo vikalingana tena.

Fikiria angepanda na mrija mmoja tu. Zebaki ingeshuka, na mpinzani angesema kwa haki kabisa kwamba mchana kumekuwa na baridi, au mvua imekuja, au zebaki imechafuka njiani. Mrija mmoja ukibadilika hauwezi kukuambia kilichobadilika ni nini: mahali, hali ya hewa, au wenyewe. Ule wa bondeni ulijibu swali la hali ya hewa. Kulinganisha miwili kabla ya safari na baada ya safari kulijibu swali la kifaa. Swali la mahali likabaki peke yake.

Fundi wa Likasi anayeunganisha vihisi 8 kwenye programu moja ya kukusanya vipimo yuko mbele ya maswali hayo hayo. Namba ya bomba la pili imeshuka. Bomba linavuja, maji yamepungua kwenye bwawa, au kihisi kinadanganya? Akiwa na njia moja tu atabahatisha. Akiwa na kihisi kingine juu ya bomba na kingine kwenye bomba jirani, anaona: kama vyote vimeshuka pamoja, tatizo ni maji, na kama kimeshuka kimoja, achukue tochi aende kuangalia. Ndiyo maana mafundi makini, kabla ya kufunga vihisi kila kimoja mahali pake, huvipa vyote mgandamizo mmoja na kuona kama vinasema namba moja. Ni beseni la Périer lile.

Kuna mtego mwingine ambao Likasi inaujua kwa kimo chake. Mji uko karibu mita 1,300 juu ya bahari, si mbali na kilele cha Puy de Dôme. Goma na Bukavu ziko karibu kimo kile kile cha kilele. Mrija wa Périer ungeletwa Likasi, zebaki ingesimama karibu na milimita 650, maana hewa yetu hapa inasukuma kwa kPa 87 hivi, wakati baharini ni 101. Sasa, kuna vihisi vinavyoanza kuhesabu kutoka kwenye utupu kamili, na vingine vinavyochukua hewa ya mahali kuwa sifuri. Viweke vyote viwili mezani Likasi bila kuviunganisha na kitu. Kimoja kitasema 87, kingine 0, na vyote ni vizima. Ukivichanganya kwenye ekrani moja bila kuandika kipi ni kipi, umejitengenezea kosa la karibu mita 9 za maji.

Waya nao una hila zake. Vihisi vingi vya viwandani hutuma umeme wa miliampea 4 kwa sifuri na 20 kwa kipimo cha mwisho. Kwa nini isiwe 0 kwa sifuri? Kwa sababu panya akikata waya umeme unakuwa 0, na programu ingesoma kwamba bomba halina maji. Kwa kuanzia 4, programu inatofautisha bomba tupu na waya uliokufa.

Halafu wakati. Kadi nyingi za bei nafuu husoma njia moja baada ya nyingine, si zote papo hapo. Kwa tanki linalojaa polepole hakuna shida. Lakini mlango wa maji ukifungwa ghafla, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba la chuma karibu kilomita 1 kwa sekunde, na linaweza kupasua bomba ambalo lingebeba maji yaliyotulia kwa miaka. Njia mbili zikisomwa kwa kupishana sehemu moja ya mia ya sekunde, wimbi limeshasafiri mita 10, na mchoro utamwonyesha fundi mambo ambayo hayakutokea. Watu wanafanya kazi kando ya mabomba hayo. Mtawa Chastin na Périer hawakuwa na saa za kulinganisha hivyo, lakini walielewa kwamba juu na chini lazima viangaliwe siku moja.

Pascal alipopata habari alirudia mwenyewe kwenye mnara wa Saint-Jacques pale Paris, ambako kimo cha karibu mita 50 kilitosha kuonyesha tofauti ya milimita 4 au 5. Mwezi wa Oktoba 1648 akachapisha kijitabu. Ugomvi ukafuata. René Descartes, aliyekuwa amemtembelea Pascal nyumbani Septemba 1647, alidai kwamba wazo la mlima lilitoka kwake, na wanahistoria bado wanabishana. Mimi naona kwamba wazo linaweza kuwa la wawili, lakini barua ya kumwelekeza Périer hatua kwa hatua iliandikwa na mmoja. Jambo la kufurahisha ni kwamba ugomvi haukuzuia kazi: tangu mwaka 1649 hadi 1651 zebaki ilikuwa ikisomwa na kuandikwa siku kwa siku katika miji mitatu, Périer akiwa Clermont, mwingine Paris, na kule Stockholm balozi Chanut pamoja na Descartes huyo huyo, mpaka Descartes alipofariki Februari 1650. Miji mitatu, daftari tatu, kisha kulinganisha. Programu ya kompyuta leo inafanya hivyo kwa sekunde moja. Wao walisubiri barua.

Kutokana na hayo Pascal aliandika habari mbili, moja ya vimiminika na moja ya uzito wa hewa. Humo alieleza kwamba msukumo ukiwekwa juu ya maji yaliyofungiwa unafika kila upande sawasawa, na kwamba chombo chenye midomo miwili, mmoja ukiwa mpana mara 100 kuliko mwingine, kinampa mtu mmoja nguvu ya watu 100. Alikuwa anaeleza jeki ya maji. Joseph Bramah wa Uingereza aliitengeneza mashine ya namna hiyo mwaka 1795. Lakini maandishi hayo yalikaa ndani ya sanduku.

Mwenyewe alikuwa amegeukia mambo mengine. Baba alifariki Septemba 1651. Januari iliyofuata Jacqueline akaingia utawa huko Port-Royal, kaka akiwa hataki, na wakagombana kuhusu urithi kama familia yoyote. Mwaka 1654 aliandikiana na Pierre de Fermat kuhusu michezo ya bahati, na katika barua hizo hesabu za uwezekano zikapata msingi. Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huo alipatwa na jambo la kiroho ambalo hakumweleza mtu. Aliliandika kwenye kikaratasi akakishonea ndani ya nguo yake, na mtumishi akakigundua baada ya kifo. Barua zake za kuwatetea watu wa Port-Royal zilitikisa Ufaransa mwaka 1656 na 1657. Vipande alivyoacha vya kitabu cha kuitetea imani vilitoka 1670 kwa jina la Pensées, na hicho ndicho kinachofundishwa shuleni.

Mwaka wake wa mwisho alifanya kitu ambacho msafiri wa busi za Likasi na Lubumbashi angekipenda. Pamoja na rafiki yake mtawala wa Roannez alianzisha magari ya farasi yanayopita njia maalumu ya Paris kwa saa zilizopangwa, kila mtu akilipa sarafu 5 za soli, gari lijae lisijae. Yalianza tarehe 18 Machi 1662 na watu wakagombania nafasi. Mahakama ya Paris ilikataza askari, watumishi na vibarua wasipande, jambo lililopunguza maana ya mradi wote. Fungu la Pascal lilikusudiwa maskini wa Blois waliokuwa na njaa.

Jacqueline alikuwa amekufa Oktoba 1661. Blaise alikufa tarehe 19 Agosti 1662 nyumbani kwa Gilberte, akiwa na miaka 39, akazikwa katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont. Périer, shemeji yule yule, alifungua sanduku na kuchapisha zile habari mbili mwaka 1663, pamoja na orodha za vipimo vya Clermont, Paris na Stockholm. Mwaka 1971 mkutano wa mataifa kuhusu vipimo ulikubali jina paskali kwa mgandamizo wa nyutoni moja juu ya mita moja mraba. Mwaka mmoja kabla, Niklaus Wirth wa Uswisi alikuwa ameshaipa jina la Pascal lugha yake ya kuandikia programu, kwa heshima ya kile kisanduku cha magurudumu.

Juu ya Puy de Dôme kulifunguliwa kituo cha hali ya hewa mwaka 1876. Bado kinafanya kazi chini ya wanasayansi wa Clermont, na vifaa vya kilele vinalinganishwa na vingine vilivyoachwa bondeni.